Akili, kamba ya ngamia na jina la mtoto: mzizi wa ‘ayn, qaf na lam

Msomaji wa Tanga ameniletea swali lenye kisa cha nyumbani ndani yake. Amejaaliwa mtoto wa kiume. Mkewe anataka mtoto aitwe Aqil. Baba mkwe amekataa katakata: alisikia kwenye darsa kwamba asili ya neno hilo ni kamba ya kufungia ngamia, na mjukuu wake hawezi kuitwa Kamba. Shemeji naye akaja na lake, kwamba akili na maakuli ni neno moja, kwa sababu mwenye njaa hafikiri. Msomaji anauliza nani kasema kweli, mzizi wa neno hilo, yaani herufi tatu ‘ayn, qaf na lam zilizozaa Aqil na akili, una maneno gani mengine, na mwisho wa yote, jina linafaa au halifai?

Ndugu yangu, hongera sana, Mungu amkuze mtoto. Nianze na baba mkwe, kwa sababu ndiye mkubwa na kwa sababu ana haki zaidi ya mnavyodhani. Alichokisikia darsani kimo katika makamusi makubwa ya Kiarabu. Ila kilichomfikia ni nusu ya habari, na nusu iliyobaki ndiyo inayolipa jina hilo uzuri wake. La shemeji nitalifikia baadaye. Hilo halina msingi, ingawa kosa lake lina sababu na sababu hiyo inafundisha.

Kwanza tuitazame kamba yenyewe, maana wengi wetu wa pwani tunamjua ngamia kwa picha. Asubuhi moja nilisimama katika soko la Sinaw, kule Oman, ambako Mabedui huleta ngamia wao kuuza. Mzee mmoja alimpigisha ngamia wake magoti, akaukunja mguu mmoja wa mbele mpaka muundi ukalalia sehemu ya juu ya mguu, kisha akazungusha kamba fupi ya sufi pale penye mkunjo na kulipitisha fundo la ncha moja katika kitanzi cha ncha ya pili. Kazi yote haikumchukua muda wa kumaliza tasbihi moja. Alipomwachia, ngamia aliinuka kwa miguu mitatu, akarukaruka hatua mbili tatu, akatulia na kuendelea kutafuna. Nilitafuta kigingi, sikukiona. Nilitafuta mti aliofungwa, haukuwepo. Alikuwa amefungwa na mguu wake mwenyewe. Aliweza kula, kulala, kugeuka na kujisogeza kidogo. Kukimbia ndiko hakuweza.

Kamba ile kwa Kiarabu ni ‘iqal, na alichokifanya mzee yule ni kitenzi ‘aqala: amemfunga ngamia kwa kumkunja mguu. Sasa linganisha na mbuzi wetu. Tunasema mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake, na kamba hiyo mwisho wake mmoja uko shingoni na mwingine uko kwa mwenye mbuzi, au kwenye mnazi. ‘Iqal haina mwisho wa pili. Mwanzo na mwisho wake vyote viko kwa ngamia mwenyewe. Nakuomba uishike picha hii, kwa sababu bila hiyo maneno yote yanayofuata yataonekana kama orodha ya kamusi.

Sasa, je, akili imezaliwa na kamba? Hapa ndipo ninapomrekebisha kidogo mwalimu wa darsa, kwa adabu. Kamusi ya kwanza kabisa ya Kiarabu iliandikwa katika karne ya 8 na Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, bwana wa asili ya Oman aliyeishi na kufundisha Basra. Aliipanga kwa mahali sauti zinapotokea mdomoni, akianzia kooni chini kabisa, na sauti aliyoanza nayo ni ‘ayn, herufi ya kwanza ya mzizi wetu huu. Miaka kama mia mbili baadaye akaja Ibn Faris, aliyefariki mwaka 1004, naye akaandika kamusi yenye lengo moja: kila mzizi autafutie maana mama. Kuhusu ‘ayn-qaf-lam anasema ni mzizi wenye asili moja tu, na asili hiyo ni kuzuia, au kinachokaribia kuzuia. Mfano wake wa kwanza si ngamia. Ni akili, ambayo anaieleza kuwa ni kile kinachomzuia mtu na maneno maovu na matendo maovu. Raghib al-Isfahani, aliyefafanua msamiati wa Qurani, naye anaanza na maana ya kushika na kujishika, kisha anapanga mifano kwa safu: ngamia na kamba yake, dawa inayofunga tumbo, mwanamke anayefunga nywele zake, mtu anayeuzuia ulimi wake.

Kwa hiyo kamba si baba wa akili. Ni ndugu wawili wa tumbo moja, na mama yao ni kuzuia. Lakini Waarabu waliishi na kamba hiyo asubuhi na jioni, na walipotaka kumweleza mtu akili ni nini, ndugu huyu mkubwa aliyekuwa mbele ya macho yao ndiye waliyemwonyesha kwa kidole. Ndiyo maana karibu kila kitabu kinachoeleza neno hili kinamtaja ngamia.

Hata lugha ndugu zina ushahidi wao. Katika Kiebrania mzizi huu huu una maana ya kupinda na kupotoka: nyoka mkubwa wa Isaya 27:1, yule anayejipindapinda, sifa yake imetoka hapa. Na Kiarabu chenyewe kina neno ‘aqal kwa mguu wa mnyama uliopinda. Mkunjo wa mguu na kizuizi vilikuwa jirani tangu zamani.

Tuje kwenye akili. Qurani hailitumii nomino ‘aql hata mara moja. Wengi hushtuka wakiambiwa hivyo, maana neno lenyewe tunalisikia katika kila hotuba ya Ijumaa. Kinachokuja ni kitenzi, mara 49: ta‘qilun mara 24, ya‘qilun mara 22, na maumbo mengine matatu, kila moja mara moja. Yaani akili katika Qurani haitajwi kama kitu mtu alichonacho kichwani. Inatajwa kama kazi anayoifanya au asiyoifanya. Anaulizwa, “Je, hamtii akilini?” Na kazi hiyo, katika sura ya 22 aya ya 46, inafanywa na moyo: nyoyo za kutia akilini na masikio ya kusikilizia. Mimi binafsi nikisoma aya hizi baada ya kumwona ngamia wa Sinaw, kitenzi hiki kinanijia na mkono ndani yake, mkono unaokunja na kufunga.

Kuna sehemu moja ya mzizi huu ambayo watu huiruka, nami naiona ndiyo yenye utajiri mkubwa kuliko zote. Neno ‘aql lina maana ya pili isiyohusiana na kichwa: ni dia, fidia ya damu. Mtu akiua kwa bahati mbaya, ukoo wake ulitakiwa kutoa ngamia 100. Ngamia hao hawakukabidhiwa kwa maneno. Walipelekwa usiku au mchana mpaka kwenye uwanja wa nyumba ya wafiwa, wakakunjwa miguu na kufungwa pale pale mlangoni, ili wenye msiba wakifungua mlango wauone usawa wa damu yao umelala mbele yao. Kitendo cha kuwafunga kikawa jina la fidia yenyewe. Baadaye miji ilipokua na fidia ikawa inalipwa kwa dinari na dirhamu, ambazo hazina mguu wa kukunja, jina liliendelea kuwa ‘aql.

Na jamaa wanaochangia fidia hiyo, wa upande wa baba, wanaitwa ‘aqila. Katika hadithi iliyomo kwa Bukhari na Muslim, wanawake wawili wa kabila la Hudhayl waligombana, mmoja akamrushia mwenzake jiwe akamuua pamoja na mimba yake. Mtume (s.a.w.) akahukumu kwamba dia ya aliyeuawa iwe juu ya ‘aqila ya muuaji. Wanafunzi wangu wakifika hapa huniuliza kwa nini ukoo mzima ulipe kosa la mmoja. Mafaqihi wana majibu yao. Mwanaisimu ana lake dogo: neno lenyewe linasema. ‘Aqila ni “wenye kufunga”, na wamefunga mara mbili. Wamewafunga ngamia mlangoni kwa wafiwa, na wamezifunga panga za wafiwa zisitoke alani. Damu ilizuiwa isilete damu. Ukitaka kujua kwa nini Ibn Faris aliona kuzuia ndiyo asili ya mzizi, simama kwenye uwanja huo wenye ngamia mia waliokunjwa miguu.

Kamba hii iliwahi hata kutajwa katika jambo la vita. Mwaka wa 11 Hijria, sawa na 632, Mtume alipofariki, baadhi ya makabila yaligoma kutoa zaka. Abubakar akaapa kwamba lau watamzuilia ‘iqal waliyokuwa wakimpa Mtume, atapigana nao kwa kuizuia. Wanazuoni wamegawanyika hapo hadi leo. Wengine wanasema alikusudia kamba yenyewe, kile kitu kidogo kabisa ambacho hukabidhiwa pamoja na ngamia wa zaka. Wengine wanasema ‘iqal katika lugha ya wakusanya zaka ni zaka ya mwaka mzima. Na ipo riwaya nyingine ambamo neno ni ‘anaq, mwanambuzi jike. Mimi naegemea kamba. Mwenye kuapa kwa ukali hutaja kitu kidogo, ili msikilizaji ajue kilicho kikubwa kitakuwaje.

Mengine nitayapita haraka. Ma‘qil ni ngome, mahali panapozuia adui, na pia ni jina la mtu, ndiyo maana Basra kulikuwa na mfereji ulioitwa Mto wa Ma‘qil, kwa jina la sahaba Ma‘qil bin Yasar. ‘Aqila kwa irabu ndefu katikati, yaani ‘aqiila, ni mwanamke mtukufu anayehifadhiwa, kisha ikawa bora ya kila kitu: lulu Waarabu waliiita ‘aqila ya bahari. Bibi Zaynab, binti wa Ali, anajulikana kwa lakabu ya ‘Aqila wa Bani Hashim. Katika itifaki za leo za Kiarabu, mke wa rais hutajwa kwa neno hili hili. I‘taqala ni kukamata mtu na kumweka kizuizini, na magazeti ya Kiarabu hayaishi kulitumia; kambi ya kizuizini ni mu‘taqal. Lakini zamani i‘taqala ilikuwa pia kuubana mguu wa kondoo kati ya paja na muundi wako ili umkamue, na mpanda farasi kuubana mkuki kati ya mguu na kikuku cha kukanyagia. Katika mieleka ‘uqla ni kumzungushia mwenzako mguu umwangushe, sisi tungesema kumpiga ngwara. Na mtu akishindwa kusema kwa ugonjwa au kwa hofu, ulimi wake “umefungwa ‘iqal”.

Na kile kishipi cheusi ambacho wanaume wa Ghuba na Shamu hukizungusha kichwani juu ya kitambaa nacho kinaitwa ‘iqal, au ‘agal kwa matamshi ya mtaani. Mabedui husimulia kwamba ndiyo kamba ya ngamia iliyohamishiwa kichwani ili isipotee wakati ngamia anatembea. Waomani hawakivai kwa kawaida. Wao wana kumma, yaani kofia yao ya duara, na masari, yaani kilemba, na kofia zetu za Unguja na Lamu ni ndugu za kumma hiyo. Labda ndiyo maana neno ‘iqal halikushuka pwani pamoja na akili.

Naomba nikae kidogo kwenye hadithi moja, kwa sababu kila aliyepitia chuoni ataielewa mwilini. Bukhari na Muslim wanapokea kutoka kwa Ibn Umar kwamba mfano wa aliyehifadhi Qurani ni kama mwenye ngamia waliofungwa ‘iqal: akiwaangalia atabaki nao, akiwaachia wataondoka. Na kutoka kwa Abu Musa, kwamba Qurani huponyoka upesi kuliko ngamia katika kamba zao. Hizo “kamba zao” katika hadithi ni ‘uqul. Na “akili” kwa wingi ni ‘uquul. Tofauti ni urefu wa irabu moja. Nilipokuwa mtoto nilihifadhi Juzuu Amma nikaiacha likizo nzima, nikarudi sura tatu zimeshakwenda zao, na mwalimu wangu alinisomea hadithi hii taratibu, akanirefushia irabu hiyo kwa makusudi: ‘uqul, ‘uquul. Nadhani siku hiyo ndiyo nilianza kuipenda kazi hii ninayoifanya.

Kamba inayofunga ina namna ya kufunguka, na hapo kuna neno lingine la Kiswahili linalotusubiri. Fundo linalofunguka kwa kuvutwa mara moja, Kiarabu kinaliita unshuta. Katika hadithi ya Abu Said al-Khudri, masahaba wanamsomea Fatiha mkuu wa kabila aliyeumwa na mdudu mwenye sumu, naye anainuka na kutembea “kana kwamba amefunguliwa ‘iqal”. Kitenzi kilichotumika hapo kina mzizi wa nun, shin na ta nzito, mzizi wa mwendo na wepesi, na ndani yake imo nashat, uchangamfu. Sisi tumeipokea hiyo kuwa nishati. Kwa hiyo tunaposoma kuhusu nishati ya jua au ya maji, tunatamka neno la ukoo mmoja na fundo linaloachia mguu wa ngamia.

Narudi kwenye akili kama kizuizi, maana mtu anaweza kusema hilo ni la bahati tu, neno moja haliwezi kuthibitisha fikra ya watu. Sawa. Tazama basi majirani zake. Qurani ina jina jingine la akili, nuha, katika sura ya 20, aya ya 54 na ya 128. Mzizi wake ni ule wa kukataza, ambao kwetu umo katika amri na nahyi. Ina jina la tatu, hijr, katika sura ya 89 aya ya 5; mzizi wake ni kuzuia na kuzingira. Na hekima? Mzizi wa ha-kaf-mim umetupa hekima, hukumu, hakimu na mahakama, lakini ndani ya Kiarabu imo hakama, kile kipande cha lijamu kinachokamata taya za farasi. Mshairi Jarir, wa zama za Bani Umayya, aliwaambia Bani Hanifa wawazuie wapumbavu wao kabla yeye hajakasirika, na kitenzi alichotumia ni ahkimu: watieni lijamu. Majina manne ya akili na hekima, na yote manne yanashika kitu kisitoroke. Hapo siwezi tena kusema ni bahati.

Hata sisi tunasema kushika hatamu, na hatamu ni khitam, kamba ya pua ya ngamia. Tuliichukua kwa uongozi wa nchi. Waarabu walianzia kwa uongozi wa mtu juu ya nafsi yake.

Sasa shemeji. Kosa lake si la uvivu. Kiswahili chenyewe kimemponza. Neno la Kiarabu linapoingia kwetu, ‘ayn huanguka, qaf hulainika ikawa k, na konsonanti mbili zilizogandana hupewa irabu katikati: asl imekuwa asili, hukm hukumu, ‘ilm elimu, na ‘aql ikawa akili. Utamu huo wa ulimi una gharama. Maneno ambayo kwa Mwarabu hayana undugu wowote, masikioni mwetu yanafanana kama watoto wa nyumba moja. Maakuli ni ma’kul, “kilicholiwa”, kutoka akala, kula: hamza, kaf na lam. Haina ‘ayn wala qaf. Akali, kama katika “akali ya watu”, ni aqall, uchache, mzizi wa qaf na lam mbili. Nakili ni kuhamisha, nun-qaf-lam. Wakili ni aliyekabidhiwa jambo, waw-kaf-lam. Na akili ni hii yetu. Mizizi mitano, milango mitano, na sisi tumeitia katika chumba kimoja. Uwe macho pia na itikadi: hiyo ni ‘ayn-qaf-dal, kupiga fundo, na ni jirani wa karibu wa mzizi wetu kwa sauti na hata kwa maana, lakini ni mzizi mwingine. Akida, mkuu wa askari, na akidi ya kikao wametoka upande huo.

Akili na wakili wanakutana vizuri mahali pamoja. Tirmidhi anapokea kutoka kwa Anas kwamba mtu alimuuliza Mtume: nimfunge ngamia wangu na nitawakali, au nimwachie na nitawakali? Akamjibu: i‘qilha wa tawakkal, mfunge na utawakali. Tirmidhi mwenyewe ameiita hadithi hiyo gharibu, yaani imekuja kwa njia ya upweke, basi mwenye kuitolea hukumu ya sheria awaulize wajuzi wa hadithi. Mimi naitaja kwa lugha yake: maneno mawili, la kwanza lina mzizi wa akili, la pili lina mzizi wa wakili.

Ulipoingia Kiswahili, mzizi huu ulibaki na nomino moja tu, lakini nomino hiyo imefanya kazi ya kumi. Tunatia akilini, tunatuliza akili, tunaambiwa za kuambiwa tuchanganye na zetu. Mtu mmoja anaweza kuwa nazo nyingi, “akili zangu”, jambo ambalo Kiarabu hakisemi hivyo. Akili nywele, kila mtu ana zake. Na mtu akichanganyikiwa tunasema akili zimemruka, au amerukwa na akili. Sisemi waliotunga msemo huo walimkumbuka ngamia aliyekata kamba. Nasema tu kwamba Mbedui angeuelewa bila kutafsiriwa.

Mfano wa leo unaonyesha tofauti waziwazi. Mashine zinazojibu na kuandika tunaziita akili mnemba, au akili unde. Waarabu hawakutumia ‘aql hapo. Wamesema dhaka’, wepesi wa kufahamu, na mzizi wa neno hilo unahusu moto unaowaka kwa kasi: dhakat an-nar, moto umeruka. Kwa hiyo Mwarabu ana moto unaoruka na ana kamba inayozuia, na vyote viwili sisi tunaviita akili. Mtoto anayejibu upesi darasani tunasema ana akili. Katika lugha ya mzizi, huyo ana dhaka’. Akili yake itaonekana siku atakapojua jibu la kumuumiza mwenzake akalimeza.

Tahadhari moja kabla sijamaliza, maana nimeona watu wakijenga imani nzima juu ya mzizi wa neno. Maana ya neno haikai utotoni. Wanafalsafa kama Al-Kindi, Al-Farabi na Ibn Sina walilitumia ‘aql kwa fikra za Wayunani zilizopaa mbali na ngamia. Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipoandika juu ya elimu alisema neno hili lina maana nne, na kwamba watu hubishana kwa sababu kila mmoja ameshika moja. Ya kwanza ni umbile linalomtenga mtu na mnyama, ya pili maarifa ya lazima kama kujua kwamba mbili ni zaidi ya moja, ya tatu maarifa ya uzoefu. Ya nne ni mtu kujua mwisho wa mambo na kuyazima matamanio yanayomvuta kwenye ladha ya sasa hivi. Hiyo ya nne ndiyo kamba, karne nyingi baada ya kamba.

Sasa jina. Mkeo amechagua ‘Aqil, kwa irabu ndefu ya mwisho: ‘Aqiil. Ni jina la kale. ‘Aqil bin Abi Talib alikuwa ndugu mkubwa wa Ali, na alisifika kwa kuzijua nasaba za Makuraishi kiasi kwamba Umar alipoanzisha daftari la watu na mafungu yao, alikuwa mmoja wa watatu waliopewa kazi ya kuliandika. Mwanawe Muslim ndiye aliyetumwa na Husein kwenye mji wa Kufa, Iraq, akauawa huko mwaka 680. Ibn ‘Aqil, ambaye sharhe yake ya Alfiya, shairi la kanuni za Kiarabu, bado inasomwa na wanafunzi wa nahau, ni wa kizazi chake. Lipo pia ‘Aaqil, irabu ndefu mwanzoni, “mwenye akili”, ambalo kwetu ni neno la fiqhi kuliko jina: sala inamlazimu aliye baleghe na ‘aaqil. Yote mawili ni mazuri. Akizaliwa dada yake, ‘Aqiila lipo.

Mwambie baba mkwe hivi, kwa heshima: jina analolikataa ni la mtu aliyeaminiwa kuandika koo za watu, na kamba anayoihofia ndiyo iliyolalisha ngamia mia mlangoni mwa wafiwa ili vijana wasiuane.

Kwenye cheti cha kuzaliwa andikeni Aqil au Akili, mkipenda. Lakini siku mtakapoliandika kwa Kiarabu, liwe kwenye kadi ya akika au ukutani, hakikisheni ni ‘ayn, qaf, ya, lam: عقيل. Mchoraji akikosea kwa kufuata masikio, akaweka alifu na kaf, أكيل, mtakuwa mmemwita mtoto “mwenye kula pamoja nawe”, na shemeji atakuwa amepata hoja yake.